Safu ya Mgeni

Jumamosi, tarehe 19 Juni 2094. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi za Kitulo tangu alfajiri, mweupe kama chumvi iliyomwagwa, na ukungu ulikuwa umelilalia tuta la shabaha hata lisionekane. Upepo haukuwepo kabisa. Sekela Luvanda aliipenda asubuhi ya namna hiyo kuliko zote, maana katika hewa tulivu risasi huenda inakotumwa, haipotezwi na kitu.

Lakini siku hiyo hakuja kupiga. Alikuja kukadiriwa.

Aliegesha pikipiki yake ya umeme nje ya ukumbi wa klabu, akajifuta baridi usoni, akaingia na bunduki yake mgongoni ndani ya mfuko wa turubai. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza jibini katika shamba la ng'ombe la jirani, na mikono yake ilikuwa na harufu ya maziwa hata siku za mapumziko. Nje ya kazi alikuwa na mambo mawili tu: kwaya ya kanisa, na bunduki ndogo ya shabaha.

Wenzake walikuwa wamekwisha jaa, wameuzunguka moto wa jiko. Festo Ngimbudzi, mwenyekiti wa klabu, alimwona akiwa bado mlangoni.

"Dada Sekela! Umekula au umefunga?"

"Nimekula. Kwani wanapima damu?"

"Wanapima kila kitu. Mimi leo nimeoga mara mbili, mashine isije ikasema huyu ananuka, mpunguzieni."

"Na ungeoga mara tatu, Festo. Mbili hazijatosha."

Watu wakacheka. Lakini kicheko kilikuwa kifupi, maana kila mmoja alikuwa anatupa jicho dirishani. Nje lilisimama lori la kijivu. Ndani ya lori hilo mlikuwa na risasi za mwisho ambazo nyanda zote za kusini zingepata kuziona.

Mataifa yalikuwa yamekubaliana kuziacha silaha, na viwanda vya risasi vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, hadi kile cha mwisho kikageuzwa kiwanda cha misumari. Wakati wa kufunga, jambo moja lilijadiliwa mno: wale wanaopiga karatasi na makopo kwa kujifurahisha, wasiomdhuru mtu wala mnyama, watendewe nini? Ukatoka uamuzi. Kila mwenye leseni apewe mara moja tu kiasi kitakachomtosha hadi mwisho wa maisha yake. Baada ya hapo, basi. Na kiasi hicho asikitaje mwenyewe, maana binadamu akiulizwa atataka ngapi hujibu nyingi. Akadiriwe na mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa juu ya meza, haizidi ukubwa wa sanduku la nguo. Iliitwa Kikadirio. Aliyeisimamia alikuwa kijana kutoka Lushoto, Hiza Shekalaghe, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka kwa safari.

"Karibu, mama. Keti hapa. Mkono wa kulia uweke kwenye hiki kibao. Usiukaze."

Sekela akaketi. Kibao kilikuwa na uvuguvugu, kama mtu alikuwa amekikalia. Mwanga wa kijani ukampitia jicho la kulia, ukarudi, ukatulia ndani yake muda mrefu. Kitu chembamba kikamgusa bega, kikamgusa kiwiko, kikateremka hadi kwenye kiungo cha kidole cha shahada, kile kidole chake cha kufyatulia, na hapo kikasimama kama daktari anayesikiliza.

"Hicho kidole kinaniuma wakati wa baridi," alisema Sekela.

"Imekwisha jua, mama. Sasa nipe bunduki."

Hiza aliilaza bunduki kwenye kitanda chake cha sponji, akagusa kitako. Ndani ya kitako cha kila bunduki ya leseni, tangu zamani za sheria ya kwanza, kulikuwa na kipande cha fuwele chembamba kama gamba la samaki. Wapigaji walikiita sikio. Halikusikia maneno. Lilihisi tu: kila risasi ilipotoka, liliweka namna bega lilivyotulia, namna pumzi ilivyozuiwa, na namna moyo wa aliyeshika ulivyodunda kupitia mbao. Miaka thelathini ya Sekela ilikuwa ndani ya gamba hilo.

Kikadirio kilianza kuisoma. Hiza alitazama mistari ikipita kwenye kioo.

"Hapa ulinyamaza, mama. Karibu miaka miwili hukupiga hata moja."

"Nilifiwa na mama yangu."

"Ndiyo. Imeona bunduki ilivyopoa." Akagusa mstari mwingine. "Misiba itakayokuja nayo imeiweka kwenye hesabu. Si kwa majina ya watu, kwa wastani tu. Na magonjwa. Na zile Jumamosi mtu anaamka anaona uvivu."

Sekela aliinua macho kwenye kile kioo. Siku zote aliamini kuna Mmoja anayezijua siku zake zijazo, na alimzoea kwa kuwa alisema naye kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Sasa hapa palikuwa na kasanduku kanakojaribu, kwa kubahatisha na kwa heshima, kutazama upande uleule. Hakukaogopa. Aliona tu kwamba anapaswa kunyamaza.

Kioo kikatoa jibu. Elfu kumi.

* * *

Sheria ilitaka mtu azione kabla ya kuapa. Hiza na Festo walitoka, wakarudi wamebeba viboksi, wakavipanga kwenye meza ndefu ya mikutano. Viboksi mia mbili, kila kimoja na risasi hamsini. Walipomaliza, ukumbi ulitulia hata maji ya birika yakasikika yakichemka.

Kilichowanyamazisha ni udogo wa mzigo wenyewe. Viboksi vilipangwa matabaka mawili, na havikufika hata nusu ya meza. Vilitengeneza kitu kama kitanda kidogo, kiasi cha kumlaza mtoto mchanga. Mfuko mmoja wa saruji ungeushinda uzito ule. Na humo ndani zilikuwa Jumamosi zote zilizobaki za Sekela. Asubuhi zote tulivu zilikuwa humo. Kila mara atakayojilaza kwenye mkeka, akatoa nusu pumzi, akaisubiri dunia isimame. Kila shimo jeusi katikati ya karatasi nyeupe. Na ile ya mwisho kabisa, imelala mahali fulani kati ya wenzake, haina alama yoyote.

"Jamani," alinong'ona mtu. "Ndiyo zote?"

Sekela aliweka kiganja juu ya viboksi. Vilikuwa vya baridi. Ee Bwana, alisema moyoni, ni vingi kuliko ninavyostahili, na ni vichache kuliko nilivyodhani.

"Sasa kiapo," alisema Hiza. "Nitasema, nawe utanifuata. Mashahidi ni wote waliomo humu." Akasoma kwenye kioo: "Idadi hii ndiyo haja yangu, mimi peke yangu, kwa maisha yangu yote. Sitauza, sitarithisha, wala sitaomba nyingine."

Sekela alinyanyua mkono. Akafungua kinywa. Maneno hayakutoka.

"Mama?"

"Mimi peke yangu," alisema polepole. "Hapo ndipo."

Akachukua kiboksi cha juu, akakifungua kifuniko. Risasi zilisimama ndani yake zikiwa safu tano, kumi kwa kila safu, zikiwaka rangi ya shaba.

"Dada Sekela," aliita Festo kwa haraka, "chai inapoa."

Ni kwamba Festo alijua anachotaka kukisema, kama walivyojua wote isipokuwa Hiza. Klabu ya Kitulo ilianza zamani, wakati barabara ilipokatika kwa mvua na viboksi vya kwanza vikapandishwa mlimani mgongoni mwa watu. Hawakuwa na cha kuwapa wale wapagazi. Wakawaambia: kabla hatujagusa sisi, safu ya kwanza ni yenu, pigeni mfurahi. Tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyefungua boksi akapiga safu ya kwanza mwenyewe. Ni ya mgeni. Awe daktari wa mifugo, awe bibi harusi aliyeolewa kijijini, awe mchungaji aliyekuja kuhubiri, yeyote aliyepanda mlima hulazwa kwenye mkeka, hufundishwa kupumua, na hupiga kumi zake. Na mgeni asipokuwepo? Boksi hubaki limefungwa. Kuna Jumamosi Festo alikwenda kusimama barabarani, akasimamisha lori la viazi, akamshusha dereva kwa kumbembeleza, ili tu watu waanze.

Sekela alimweleza Hiza yote hayo, na kidole chake kikapita juu ya safu ya kwanza.

"Kwa hiyo, mwanangu, bunduki yangu imekuambia uongo bila kukusudia. Imehesabu kila iliyotoka, nawe umeniandikia mimi. Lakini katika kila hamsini, kumi si zangu."

 Hiza alimtazama Festo, na Festo alitazama dari.

"Mama," alisema Hiza hatimaye, kwa sauti ya chini, "mimi sijasikia kitu. Mashine ndiyo imesema elfu kumi, si wewe. Sema tu kiapo."

"Zikibaki huko kwenye lori zinakwenda wapi?"

"Zinaendelea na safari. Mzigo ni mmoja kwa nyanda zote. Walio mwisho ni klabu ya Utengule, kule bondeni. Watapata kitakachobaki."

"Na kitawatosha?"

Hiza alikuna kidevu. "Nimekwisha piga hesabu zao. Hakitatosha."

"Je, hiyo mashine yako inaweza kutenganisha? Zangu na za wageni?"

"Inaweza. Moyo wa kila mtu una mwendo wake, na sikio limeushika. Lakini nikiifungua kwako, mama, sitaweza kuifunga. Natakiwa niifungue kwa klabu nzima."

Hapo Festo akasimama. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Umesikia? Si wewe tu. Sote tukatwe fungu la tano, kwa ajili ya ulimi wako! Na hizo zikikatwa, mgeni atapewa nini? Eh? Umekaa ukalifikiria hilo? Wewe unataka kusema kweli, vizuri, lakini unaiua safu ya mgeni kwa mkono wako mwenyewe. Nani hapa atatoa zake, akijua hakuna nyingine duniani?"

"Sijui, Festo."

"Basi nyamaza! Kunyamaza si kusema uongo."

"Leo ni uongo. Ameniambia nitamke."

Sekela alivaa glavu, akatoka nje.

* * *

Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka. Tuta la shabaha lilijitokeza kidogo kidogo, kwanza kiuno, kisha kichwa, na nyuma yake uwanda mzima wa Kitulo ukafunuka, nyasi baada ya nyasi, hadi mahali ambapo macho hayakuweza tena kufika. Jua liligusa umande ulioganda na nchi yote ikawaka. Sekela alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi sana, na bado kila mara lilimfanya ajione amealikwa nyumbani kwa mtu mkubwa.

Alisali akiwa amesimama. Hakuomba aonyeshwe la kufanya, maana hilo alikuwa analijua tangu kinywa kilipokataa. Aliomba juu ya Festo na wenzake, kwamba kweli yake isiwe mzigo anaowatwika wengine huku yeye akijisikia mtakatifu. Akawaza hesabu. Akitaja kweli, atapata elfu nane, na hizo ndizo zitakazomtosha hadi mikono yake ishindwe. Akitoa safu kwa wageni katika hizo, zitakwisha wakati macho bado yanaona na bega bado linataka. Ataishi miaka mingi akizisikia Jumamosi za wengine. Alijaribu kuiona miaka hiyo. Ilimuuma, naye akaiacha imuume.

Akarudi ndani.

"Fungua, mwanangu."

Festo aligeuka ukutani. Hiza akagusa kioo mara mbili.

"Nitaiweka sauti," alisema. "Inatakiwa mwenye bunduki asikie, athibitishe kwamba si yeye."

Kwanza ukatoka moyo wa Sekela mwenyewe, mzito, wa taratibu, na baada yake mlio mdogo mkavu wa risasi. Kisha Hiza akauondoa ule moyo, kama mtu anavyong'oa uzi mmoja kwenye kitambaa, na wakabaki wageni.

Mtu asiyekuwepo siku ile hawezi kuelezwa akaelewa sawasawa. Ukumbi ulijaa watu wasioonekana. Mioyo ilipita mmoja baada ya mwingine, miaka thelathini ya mioyo, kila mmoja ukidunda kwa hofu ya mara ya kwanza: mingine ikikimbia, mingine ikiruka pigo, mingine ikitulia ghafla kabla tu ya mlio, kana kwamba imeambiwa usiogope. Kikongwe mmoja alivua kofia. Watu waliotoka mlimani zamani, watu waliokwisha kufa, walikuwa hapo tena, wamezuia pumzi.

"Huyu ndiye wa kwanza kabisa," alisema Hiza, akiwa ameirudisha mashine hadi mwanzo. Moyo uliosikika ulikuwa unakwenda mbio kama mbuzi aliyekata kamba.

"Ni nani huyo mwoga?" aliuliza mmoja.

Sekela alitabasamu. "Ni dereva wa trekta aliyekuja kutengeneza barabara. Alifunga macho yote mawili, akalipiga tuta la pembeni. Jina lake Festo Ngimbudzi."

Kicheko kililipuka, kirefu safari hii. Festo aligeuka kutoka ukutani. Alitaka kukunja uso, akashindwa.

"Lile tuta lilikuwa linasogea," alisema. Kisha akausikiliza moyo wake wa ujana hadi ulipokwisha. "Kumbe ilikuwa safu yako, dada. Nilikuwa nimesahau ilikuwa ya nani."

Mioyo ikaendelea. Halafu ukaja mmoja uliokuwa tofauti na yote. Haukukimbia hata kidogo. Ulidunda polepole, ukapumzika, ukadunda tena, na kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi pana kiasi kwamba watu walijikuta wanasubiri wameinamisha vichwa.

Sekela alishika ukingo wa meza.

Mama yake alikuwa shemasi, na hakuzipenda bunduki. Alipanda mlima mara moja tu, kumletea binti yake koti alilolisahau, wakamlazimisha. Alilala kwenye mkeka na kanga yake, akapiga kumi zote bila kusema neno. Aliposimama alijikung'uta majani, akasema: "Kumbe mnakuja huku kunyamaza. Basi si vibaya." Akashuka zake.

Miaka kumi na mmoja alikuwa kaburini. Na sasa moyo wake ulikuwa humu, ukidunda kwenye mbao za ukumbi, na kila mtu aliusikia. Moyo ule ukafikia risasi yake ya kumi. Ukanyamaza.

 Festo ndiye aliyesogea wa kwanza. Alikwenda mezani, akaanza kuvihesabu viboksi kwa mikono yake mwenyewe, akavitenga arobaini, akavibeba hadi lorini kwa safari tatu, bila kumwomba mtu msaada. Aliporudi alisema tu:

"Ya kwangu uifungue pia, bwana Hiza. Nataka kumsikia yule dereva wa viazi."

Kile kitanda kidogo kilikuwa kimepungua upande mmoja. Elfu nane. Sekela alilitazama pengo lake bila kuondoa macho.

"Mwanangu," alimwuliza Hiza, "mtu anaruhusiwa kuongeza maneno kwenye kiapo?"

"Kupunguza ndiko kumekatazwa, mama. Kuongeza, sheria haikusema."

"Na wewe, katika kukadiria watu wote hawa, umewahi kupiga?"

Hiza akacheka kwa aibu. "Mimi? Ninazibeba tu. Sijawahi hata kuigusa ile ya kufyatulia."

"Umezipandisha mlimani mwenyewe?"

"Kwa lori lile lile unaloliona. Usiku kucha, na kona zenu hizi."

Sekela alivua glavu ya mkono wa kulia. Akaunyanyua mkono juu, kile kidole kinachomuuma kikiwa kimepinda kidogo, na watu wote wakasimama bila kuambiwa. Jua lilikuwa limeingia dirishani, likazigusa zile shaba ndani ya boksi lililo wazi. Alisema kwa sauti ile aliyoizoea kwayani, si kubwa, lakini ilifika hadi kwa aliyekuwa mlangoni:

"Mimi, Sekela Luvanda, mbele za Mungu na mbele yenu ninyi mnaonijua. Idadi hii ndiyo haja yangu, mimi peke yangu, kwa maisha yangu yote. Sitauza, sitarithisha, wala sitaomba nyingine. Na katika haja yangu hii, safu ya kwanza ya kila boksi nitakalofungua nitampa mgeni, hadi boksi la mwisho. Zikinishia kabla ya macho kunishia, nitakuja hapa kila Jumamosi, nitakaa kwenye benchi, nami nitawafundisha wageni wenu kupumua. Na mgeni wangu wa kwanza ni huyu aliyezipandisha mlimani."